Picha Haisemi Bila Msomaji

Leo tuzungumze juu ya taa moja ya zamani. Kazi yake haikuwa kumulika njia. Ilikuwa kuonyesha picha.

Taa hii ilibuniwa Ulaya miaka ya 1600. Lilikuwa sanduku lenye taa ndani. Mbele ya taa kiliwekwa kipande cha kioo chenye picha, na mbele yake lenzi. Mwanga ulipita katika picha na lenzi, na picha ikatokea ukutani, kubwa kabisa. Lenzi hupindua picha, kwa hiyo kioo kilitiwa kichwa chini. Hapo ndipo picha iliposimama sawasawa.

Picha gani? Nyingine zilikuwa za hadithi za watoto. Mwaka 1865 Lewis Carroll wa Uingereza alitoa kitabu juu ya msichana aitwaye Alice. Msichana huyu anamwona sungura mwenye saa, anamfuata shimoni, na kutokea nchi ya ajabu. Huko anakunywa kitu akawa mdogo, anakula kingine akawa mkubwa. Michoro ya kitabu ilikuwa ya John Tenniel. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1900, kampuni ya W. Butcher & Sons ya London iliuza picha hizo zikiwa juu ya vioo, zimetiwa rangi. Kila kioo kilikuwa na upana wa sentimeta 8 hivi.

Pamoja na vioo kulikuwa na maelezo ya kusoma. Kwa nini? Kwa sababu picha haisemi. Watoto walimwona sungura na saa yake, lakini anakimbilia wapi? Anamwogopa nani? Ilibidi mtu asome kwa sauti. Picha ilingoja ukutani mpaka maneno yake yaishe, ndipo ikaja nyingine.

Hadithi hiyo imefika kwetu pia. Mwaka 1940 ilichapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu.

Sasa tujiulize. Siku hizi picha zimejaa kwenye simu na televisheni. Watoto wetu wanazitazama kimya. Nani anawasomea? Wengine kati yetu husema, "Aa, sisi tunasoma polepole, watoto watatucheka." Hapana, ndugu! Msomaji wa taa ile hakushindana mbio na mtu. Kusoma polepole si aibu. Aibu ni kuacha, kwa maana herufi zisipotumiwa hukimbia, na jasho lote la kisomo likapotea bure.

Basi tuanze jioni ya leo. Chukua kitabu cha mtoto cha shule. Mwonyeshe picha, kisha msomee ukurasa mmoja tu. Mtoto akikusahihisha, mshukuru, mwendelee pamoja. Kesho someni mwingine.

Haya, kazi kwetu sote.