Divisheni ya Kifaru Katika Nchi ya Bama

Wasikilizaji wangu wa Ngaka, Mbinga na kandokando ya Ziwa Nyasa, ninyi mwaijua njia ya mlimani wakati wa masika: jinsi tope linavyoushika mguu, na mzigo unavyozidi uzito. Leo nataka kuwahadithia habari za watu wetu waliopigana vita katika tope la namna hiyo, mbali sana na kwao.

Mwaka 1943 Waingereza walivikusanya vikosi vya keya, wakafanya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Ndani yake vilikuwamo vikosi viwili vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, na viwili vya Nyasaland, cha 2 na cha 22, pamoja na vya Kenya, Uganda na Rhodesia ya Kaskazini. Hivyo watu wa ng'ambo zote mbili za ziwa letu wakawa ndugu wa safu moja.

Divisheni ilivuka bahari mpaka Ceylon, nchi iitwayo leo Sri Lanka. Njia hiyo ya bahari ilikuwa na mauti. Tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Kijapani iendayo chini ya maji iliipiga meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda huko. Ikazama kwa dakika chache, wakafa watu karibu 1,300, na miongoni mwao mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki.

Agosti 1944, mvua ikinyesha bila kukoma, divisheni ilianza kuteremka bonde la Kabaw katika Bama, ikiwafukuza Wajapani. Magari yalizama topeni. Malaria iliwaangusha watu kama risasi. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli. Askari walikata miti, wakatandika magogo barabarani, wakasonga mbele. Tarehe 2 Desemba waliutwaa mji wa Kalewa, penye mto Chindwin. Mwezi uo huo likajengwa daraja la futi 1,154, na majeshi mengine yakavuka kwenda kuitwaa Mandalay, Machi 1945, na Rangoon, Mei 1945.

Lakini Kifaru hakuwapo siku za shangwe hizo. Alikuwa amekwisha kurudishwa Bara Hindi kupumzika. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Ndiyo maana aingiaye mjini husifiwa, na aliyefyeka njia husahauliwa.

Huko Taukkyan, karibu na Rangoon, yamechorwa katika mawe majina ya watu karibu 27,000 wasiojulikana makaburi yao, na Waafrika wamo. Lakini jiwe la ugenini haliwezi kumwambia mtoto wa Ngaka babu yake alikuwa nani.

Basi, enyi wanafunzi, waulizeni wazee jioni hii: Katika ukoo wetu, nani alikwenda Bama? Andikeni jina lake na kikosi chake, na kama alirudi au hakurudi. Kwaherini.