Reli Imetengenezwa, Kivuko Je?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya vijiji vilivyo kando ya reli ya Thika–Nanyuki)



Mnajua reli yetu ilikuwa imelala zaidi ya miaka kumi. Nyasi ikamea, mbuzi wakafungwa hapo, wengine wakaweka vibanda. Mwaka wa 2020 Shirika la Reli, pamoja na wanajeshi na vijana wa NYS, waliitengeneza na treni ikafika Nanyuki tena. Tulifurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Lakini reli ikiwa nzuri, kivuko kibaya kinazidi kuwa kibaya. Reli mbovu ilimlazimu dereva kwenda polepole. Sasa kokoto na mataruma yamekazwa, treni inakuja na kasi. Na kwa vile haipiti kila saa, mtu anavuka mara mia bila kuona kitu, mwisho anaacha hata kugeuza shingo.

Treni si matatu, jamani. Haiwezi kukwepa. Magurudumu yake ni chuma juu ya chuma, na treni nzito ya mizigo yaweza kwenda kilomita nzima au zaidi baada ya breki kufungwa. Mwezi wa Agosti 2025, karibu na Naivasha, treni na basi la wafanyakazi ziligongana kwenye kivuko na watu wakafa. Hilo lilikuwa basi lenye injini. Je, punda wetu na mkokoteni wa maji?

Wengi husema, "Tuwekewe taa." Ni ombi zuri, lakini tuelewe taa zenyewe. Aina moja hutumia umeme mdogo unaopita katika reli. Treni ikifika, magurudumu yake yanaunganisha reli hizo mbili, mtambo unatambua, taa nyekundu inawaka na kengele inalia. Waya ukikatwa, mtambo umetengenezwa uonyeshe hatari. Sasa fikirini: mtu ameiba waya akauze chuma chakavu, taa inakaa nyekundu siku tatu na treni haionekani. Siku ya nne nani ataitii? Januari 2022 Serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu mali ya umma ilikuwa ikiharibiwa, ikairuhusu tena mwezi wa Mei. Wezi hao hawatoki mbinguni. Ni watoto wetu, na anayenunua tunamjua.

Nina maoni ambayo baadhi yenu hamtayapenda. Tuna vijia vingi tulivyojitengenezea kwa kujaza mawe kati ya reli ili mikokoteni ipite. Mawe hayo yanaweza kuinua gurudumu la treni likatoka relini. Tusivitetee vyote. Tukubali vifungwe, na badala yake tuombe kivuko kimoja cha halali, kipana, chenye sakafu ngumu, matuta ya barabarani na alama zinazoonekana kutoka mbali. Najua mama mwenye shamba ng'ambo atatembea zaidi. Hilo ni gharama kweli, silidharau. Ndiyo maana akina mama wawepo wakati wa kuchagua mahali, wasiachiwe wanaume peke yao.

Tukingoja, tuombe ruhusa kwa msimamizi wa stesheni tufyeke vichaka vinavyoficha treni. Ule mfereji mdogo kando ya reli, ndani ya kivuko, usijae matope, maana ukingo wa gurudumu hupita humo. Watoto wa nasari wavushwe na mkubwa. Bodaboda, toa hiyo simu sikioni, simama, sikiliza pande zote mbili.

Na mkokoteni ukikwama? Fungua punda, wacha mzigo. Mtu mmoja akimbie kando ya reli, si juu yake, kuelekea treni inakotokea, akipunga kitambaa chekundu. Kama hamjui inatoka wapi, waende wawili, kila mmoja upande wake. Gunia la viazi litanunuliwa lingine.

Barua ya maombi nimeanza kuiandika. Kila kikundi kilete majina na sahihi kabla ya baraza la chifu, na mtuonyeshe kwenye ramani ya kuchora kwa mkono kila kijia mnachotumia, hata vile vya usiku.