Si mtu mbaya, ni kitendo kibaya

Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa zilizohama makwao na viongozi wao



Vijana wanaojifunza Kiingereza walituuliza maana ya neno moja: "obnoxious". Tuliwajibu: ni mkorofi, mtu wa matata, anayechukiza watu kwa kelele, majivuno au matusi. Si neno la kumwambia mtu usoni, maana ukilisema umekwisha kumtukana.

Lakini historia ya neno hili inatuhusu sana. Linatoka katika Kilatini, ambako "noxa" ni madhara. Lilipoingia katika Kiingereza, karne ya 16, lilimaanisha mtu aliye wazi kupatwa na madhara, asiye na kinga. Katika karne ya 17 likaanza kugeuka, likawa jina la mtu anayechukiza. Yule wa kuhurumiwa akawa wa kuchukiwa.

Je, sisi hatujayaona hayo? Jamaa inafika mikono mitupu, imekimbia vita. Siku za kwanza wenyeji wanasema "maskini". Miezi inapita, kuni zinapungua, mstari wa maji unakuwa mrefu, na sasa wanasema "wasumbufu". Watu ni walewale, jina ndilo limebadilika. Na waliohama nao wana majina mabaya wanayowapa wenyeji.

Tusidhani ni maneno tu. Mwaka 1994, nchini Rwanda, redio RTLM iliwaita Watutsi "inyenzi", yaani mende. Mende hapatanishwi na mtu, hupondwa. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwatia hatiani wawili kati ya waanzilishi wa redio hiyo, lakini waliokufa hawakurudi.

Kiswahili chetu kinatuonyesha njia. Tunasema kitendo kibaya, mtu mbaya, watu wabaya. Kijana mmoja akiiba mbuzi, tukasema "kitendo kibaya", kuna la kufanya: mbuzi arudishwe au alipwe, na neno liishe. Tukisema "mtu mbaya", tumemfungia mlango wa kutubu. Tukisema "watu wabaya", tumeshitaki kabila zima, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi: kesi ikiletwa barazani, ulizeni kwanza, "Alifanya nini?" Anayejibu kwa kutaja kabila, mrudisheni kwa upole ataje kitendo. Nanyi wazazi, angalieni majina mnayowapa jirani wakati wa chakula cha jioni. Watoto wanasikia, na kesho watayapeleka shuleni na kwenye bomba la maji.

Kitendo kibaya kinaweza kurekebishwa. Tuanzie hapo.

Amani iwe kwetu sote.