Maji ya Marafa

Jioni moja tuliwapeleka vijana wetu wa kwaya Nyari, bonde la Marafa, kaskazini ya Malindi. Kuta zake nyekundu na nyeupe, zilizochongwa na mvua na upepo, zimezunguka kama baraza kubwa. Wakaimba ukingoni, jua likizama.

Wazee husimulia kwamba hapo palikaa jamaa tajiri waliooga maziwa ya ng'ombe. Mungu akachukizwa na ufujaji wao, ardhi ikawameza. Tukatikisa vichwa.

Njiani mtoto akatuomba maji ya kunywa. Tukamjibu, "Haya ni ya safari." Tulifika nyumbani, dumu lingali nusu.

Ndugu, tajiri wa Marafa amekufa kweli? Mungu na atufungue mikono. Amina.