Kipofu wa Coupvray na Nukta Zake Sita

Bwana Askofu, mapadre, waalimu wenzetu, na ninyi nyote mliotoka mitaa ya mbali kuja katika Jubilii hii: tumeagizwa kusema nanyi habari za watu waliopatwa na madhara ya mwili yaliyogeuza maisha yao, jinsi walivyoinuka tena, wakapata kazi ya kufanya duniani. Neno hili ni kubwa kuliko saa tuliyopewa, na jua linapanda. Basi tumechagua habari ya mtu mmoja tu, kwa kuwa alikuwa mwalimu kama wengi wenu, na kwa kuwa alipopatwa na madhara yake alikuwa mtoto mdogo, kama hawa wanaocheza nje sasa.

Jina lake Louis Braille. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, upande wa mashariki wa mji wa Paris, katika nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, kazi yake kushona hatamu na matandiko ya farasi. Naye Louis alikuwa kitinda mimba katika watoto wanne. Mwaka 1812, alipokuwa na miaka 3, aliingia mahali pa kazi pa baba yake, akatwaa chombo chenye ncha, akataka kutoboa ngozi kama alivyomwona mzee wake akitoboa. Chombo kikateleza, kikamchoma jicho. Jicho likavimba, likaoza. Kisha ugonjwa ukashika jicho la pili, hata alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Hapana aliyemroga, wala hapana kosa la mababu lililolipwa kwa macho yake. Twalisema hili wazi kwa sababu kwetu mtu akipofuka, swali la kwanza huwa, Nani amemtenda hivi? Na wakati tunapouliza, jicho la pili nalo hufa.

Hapa hatuna budi kuungama. Zamani, katika shule ya mtaani ambamo sisi tulikuwa tukifundisha, mtoto mmoja mwanamume alirukiwa na kibanzi alipokuwa akipasua kuni. Nyumbani wakamtia dawa ya majani siku nyingi, na alipopelekwa kwa mganga wa hospitali wakati ulikuwa umepita. Baada ya miezi alirudi shuleni ameshikwa mkono na dada yake, akakaa mahali pake pa siku zote. Nasi tukatazama daftari, tukaandika mbele ya jina lake, “Hawezi kusoma,” tukamrudisha kwao. Hakuna aliyetulaumu; wazazi wenyewe walitushukuru kwa maneno ya upole tuliyowaambia. Walakini baada ya miaka mingi tulikutana naye matangani, mtu mzima, msusi wa mikeka hodari, akatujua kwa sauti. Akatuuliza, “Mwalimu, siku ile niliyorudi, ubaoni paliandikwa nini?” Hatukukumbuka.

Basi tazameni walivyofanya watu wa Coupvray. Baba yake Louis alimchongea fimbo, akamfundisha kupapasa njia. Padre wa kijiji, jina lake Jacques Palluy, alimfundisha mwenyewe. Na mwalimu wa shule akakubali akae darasani pamoja na wenye macho, asikilize. Hakuwa na kitabu chake wala chombo cha kuandikia, wala hapana aliyemwonyesha mwalimu yule jinsi ya kumfundisha kipofu. Alimkubali tu, na mtoto akashika kwa masikio yale wenzake waliyoshika kwa macho.

Mwaka 1819, akiwa na miaka 10, alipelekwa Paris katika shule ya vipofu iliyoanzishwa na Valentin Haüy. Nyumba ile ilikuwa kuukuu, yenye unyevu, nasi twadhani haikumfaa mtu ambaye baadaye angeugua kifua. Vitabu vilikuwapo, lakini vichache. Herufi zake zilikuwa zile zile za wenye macho, zimepigwa chapa kwa nguvu hata zikainuka juu ya karatasi. Kipofu alipapasa herufi moja moja, kubwa, polepole, na mwisho wa sentensi huenda alikuwa amesahau mwanzo wake. Tena kwa njia ile aliweza kusoma tu. Kuandika barua kwa mama yake kwa mkono wake mwenyewe, hakuweza.

Ikawa afisa mmoja wa mizinga, Charles Barbier, ametunga maandishi ya nukta zilizoinuka, yasomwe kwa kidole gizani. Alipoyaleta shuleni Louis aliyapapasa, akaona uzuri wake na kasoro zake. Kila alama ilikuwa na nukta hata 12, ndefu kuliko ncha ya kidole. Nazo zilionyesha sauti tu, si tahajia, wala hazikuwa na tarakimu wala vituo. Kijana akaanza kazi ya kuzipunguza. Alifanya usiku wenzake walipolala, na siku za likizo kwao Coupvray. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikuwa amekwisha kupata njia yake. Mwaka 1829 ikapigwa chapa katika kitabu.

Waalimu, tuvumilieni kidogo, maana jambo lenyewe ni zuri, na kila mmoja wenu aweza kulijua kabla ya kula chakula cha mchana. Fikirini nukta 6 zimesimama safu mbili, tatu kushoto, tatu kuume, zote zikitosha chini ya ncha ya kidole kimoja. Nukta ya juu kushoto peke yake ni A. Ukiongeza ile ya katikati kushoto, ni B. Basi BABA ni alama nne, na nukta sita tu kwa jumla. Herufi kumi za kwanza, A hata J, hutumia nukta nne za juu tu. Kisha chukua zile zile kumi, ongeza nukta ya chini kushoto, nawe umepata kumi zinazofuata, K hata T. Herufi hizo kumi za kwanza zikitanguliwa na alama maalum, huwa tarakimu. Kwa nukta sita zapatikana alama 63, zatosha hata kwa muziki. Herufi W haikuwamo mwanzoni, kwa sababu Wafaransa wa siku zile hawakuihitaji; iliongezwa baadaye. Sisi tusemao Kiswahili tusingeweza hata kumwambia mtu “wewe” bila hiyo.

Na chombo cha kuandikia ni kijiti chenye ncha, kinachobonyeza nukta katika karatasi juu ya kibao. Ni ndugu wa kile chombo kilichomtoboa jicho. Huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto, kisha karatasi hupinduliwa, na nukta zikasomwa upande wa pili, kutoka kushoto.

Louis akawa mwalimu katika shule ile ile, akapiga kinanda kanisani Saint-Nicolas-des-Champs. Msidhani ya kuwa aliheshimiwa upesi. Wakubwa wenye macho waliona vibaya kwamba vipofu wawe na maandishi wasiyoweza kuyasoma wao, na kwa muda, baada ya mwaka 1840, maandishi yake yalikatazwa katika shule yake mwenyewe. Wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri. Wale waliokatazwa ndio waliojua faida yake, na twaona ni mara chache mkubwa hushinda katika jambo la namna hiyo. Mwaka 1844, shule ilipofungua nyumba mpya, yalionyeshwa mbele ya watu wote.

Alikufa kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43. Nchi yake ilikuwa haijayakubali rasmi maandishi yake. Iliyakubali mwaka 1854. Mwaka 1952 mwili wake ulihamishwa kwa heshima kuu ukawekwa Panthéon, Paris, lakini mikono yake ilibaki Coupvray. Watu wa kijiji hawakutaka kuitoa.

Maandishi hayo yalifika hata kwetu. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianza shule ya vipofu Thika, katika Kenya. Na mwaka 1950 shule ya Buigiri ilianzishwa karibu na Dodoma. Twayaita maandishi ya nukta nundu. Tangu mwaka 2019 Umoja wa Mataifa huadhimisha siku yake kila tarehe 4 Januari. Siku hizi ziko simu zinazosoma kwa sauti, na wako wanaosema ya kwamba nukta hazina kazi tena. Sisi hatukubali. Mtoto anayesikiliza tu hajui kama “alhamdulillahi” ina L ngapi. Na mwenye macho hatungemwambia aache kujifunza kuandika kwa sababu ana redio.

Sasa ombi letu, nasi hatulisemi kwa kuzungukazunguka. Mtu akichomwa jicho, hata moja, hata kama haumwi sana, apelekwe hospitali siku ile ile, wala asitiwe kitu cho chote. Na katika mitaa yenu wako watoto wasioona ambao hawajaandikwa katika daftari lo lote, au wameandikwa kama tulivyoandika sisi. Msitungoje tuwatafute. Mwiteni mwalimu wa mtaa, mtajieni nyumba. Wazazi wakiona haya, mwendeeni mama kwanza, jioni, bila watu.

Yule msusi wa mikeka yupo hapa leo. Alikubali tuwasimulieni habari yake, bila kumtaja jina. Mwaka jana alianza kujifunza nukta, na ameshika herufi kumi za kwanza. Kibao na kijiti chake viko mezani chini ya mwembe, naye atakaa hapo mpaka ngoma ilie. Nendeni awaonyeshe.