Mafunzo ya Mawakili katika Mashauri ya Malezi ya Watoto Yaliyotanguliwa na Ukatili wa Nyumbani



Maudhui niliyokabidhiwa ni mafunzo anayostahili kupewa wakili ili aweze kusimama mahakamani katika shauri la malezi ya watoto ambalo nyuma yake mna kipigo, vitisho na madhila ya nyumbani. Na kwa kuwa sheria yenyewe mnaijua barabara, sikukusudia kuifundisha upya, bali nitaitaja kwa kadiri inavyohitajika tu ili ibainike ni kwa nini mtu aweza kuihifadhi sheria kwa moyo, kifungu kwa kifungu, na bado akashindwa kumnusuru mtoto.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitamka wazi, katika kifungu cha 66, kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe wa ndoa kwa kipigo, hata kama mila yasema vinginevyo. Kisha katika kifungu cha 125 ikaiagiza mahakama iyatangulize maslahi ya mtoto kuliko jambo lolote, na baada ya hayo izingatie matakwa ya wazazi, rai ya mtoto mwenyewe akiwa amefikia umri wa kuwa na rai yake, na mila za jamii ya wahusika. Ikaweka na dhana, ambayo yaweza kupingwa, kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mama yake, lakini papo hapo ikatahadharisha juu ya ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaja kulitia nguvu hilo la maslahi, ikaongeza kuwa ni bora mtoto akae na wazazi wake isipokuwa pale haki zake zinapovunjwa nao mara kwa mara. Mwenye kuvisoma vifungu hivyo kwa makini ataona kuwa kile kinachokataza kipigo kimesimama peke yake, na vile vya malezi vimesimama peke yao, wala hapana neno linaloviunganisha. Na kwa vile sisi Tanzania Bara hatuna sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani kama ile waliyoitunga wenzetu wa Kenya mwaka 2015, kazi ya kuonyesha kwamba mkono uliompiga mama umemfikia na mtoto, hata kama haukumgusa, imeachwa mabegani mwa wakili, naye hana chombo cha kuifanyia kazi hiyo ila ushahidi.

Upande wa pili waijua nafasi hiyo iliyo wazi, na huiingia bila kusita. Husema, kwa sauti ya upole na ya kiutu uzima, kwamba yaliyopita baina ya mume na mke ni ya watu wazima, kwamba watoto hawakuguswa, kwamba baba amewalipia ada na kuwajengea nyumba, na kwamba mama ndiye aliyeondoka. Neno hili la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mwanamke aliyetoka usiku akiwa na kanga moja na nauli ya kuazima, akawaacha watoto kwa kuwa mlango wa chumba chao ulikuwa upande wa yule anayemkimbia, huchukua miezi kadhaa kabla hajapata mahali pa kukaa, kisha miezi mingine mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, ambako aghalabu hukalishwa pamoja na aliyempiga na kuombwa asamehe. Hata atakapofika mahakamani na hati ya Baraza mkononi, watoto wamekwisha kuzoea kwa bibi yao mzaa baba, nayo ile tahadhari ya sheria juu ya kuwahamisha, iliyowekwa kwa ajili ya kuwahifadhi watoto, yageuka kuwa hujja dhidi yake. Wakili asiyefunzwa huiacha hoja hiyo ipite. Wakili aliyefunzwa hujua tangu siku ya kuandika maombi kwamba kule kuondoka hakuwezi kufichwa, na kwamba lazima kuelezwe na mama mwenyewe, mapema, kwa mdomo wake, saa, mlango na nauli, kabla ya mwingine hajakueleza kwa niaba yake.

Haya si mashauri ya nadra. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa katika nchi yetu wanawake 4 kwa kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikwisha kupigwa tangu walipotimiza miaka 15. Wakili yeyote anayepokea mashauri ya ndoa ameketi na wanawake hao mara nyingi, ajue asijue.

Sasa nije kwenye namna ya kufundisha. Tumezoea semina za kukaa: mtoa mada asoma, wasikilizaji waandika, chai yanywewa, na kila mmoja arejea kwake akiwa na karatasi nyingi na ulimi ule ule. Lakini kuhoji shahidi ni kazi ya ulimi, sikio na miguu, na kazi ya namna hiyo haiingii kwa kusikiliza. Marekani, mwaka ule ule wa 1971 ambao Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliasisiwa taasisi ya kitaifa ya kuwafundisha mawakili utetezi wa mahakamani, na njia yake imeenea mbali kwa kuwa ni nyepesi kuieleza ingawa ni ngumu kuivumilia: mwanafunzi husimama, huhoji kwa dakika chache, husimamishwa, na mwalimu humwambia jambo moja tu; humtajia kichwa cha kosa, humsomea maneno yake mwenyewe kama alivyoyatamka, humwonyesha jinsi ambavyo ingefaa kusema, kisha humweleza sababu. Hasifiwi kwa adabu tu, wala hatahayarishwi. Huyo akikaa, mwingine husimama na shahidi yule yule. Taasisi yetu ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007, imewapitisha vijana wengi katika mahakama za mazoezi, na msingi huo tunao. Kinachokosekana ni kuwaendeleza mawakili waliokwisha kuapishwa, na kuwaendeleza katika mashauri haya hasa.

Niruhusuni nionyeshe mfano mmoja kwa ukaribu. Katika jalada la mazoezi, lililotungwa kwa ajili ya kufundishia, mleta maombi ni fundi cherehani, ana mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4. Mwanafunzi wa kwanza anasimama na kuuliza: “Mama, ni kweli kwamba mjibu maombi alikuwa akikupiga mara kwa mara mbele ya watoto?” Pingamizi linatolewa mara moja, kwamba swali linamtia shahidi maneno mdomoni, nalo linakubaliwa. Kwa fadhaa anauliza tena: “Basi ieleze mahakama, alikuwa anakutendea nini?” Shahidi anajibu: “Alikuwa ananinyanyasa sana.” Kalamu ya hakimu inaandika neno hilo moja, na miaka 10 ya ndoa imekwisha.

Mwanafunzi wa pili, baada ya kuelekezwa, anaanza mahali pengine kabisa. “Mama, usiku wa mwisho kulala katika nyumba ile, ulikuwa chumba gani?” Sebuleni. “Nani mwingine alikuwepo sebuleni?” Mwanangu mkubwa, alikuwa anaandika kazi ya shule mezani, na mdogo wake ubavuni. “Likatokea nini?” Baba yao aliingia, akanivuta kwa kanga niliyojifunga shingoni. “Watoto walikuwa umbali gani nanyi?” Kama kutoka hapa hadi kwa karani. Hapo wakili anageuka kwa hakimu: “Mheshimiwa, naomba kumbukumbu zionyeshe kuwa umbali huo ni kama hatua nne.” Kisha anarudi kwa shahidi: “Yule mkubwa alifanya nini?” Alimziba mdogo wake masikio. “Na baada ya siku hiyo, uliona badiliko gani kwake?” Alianza kukojoa kitandani, naye alikuwa ameacha tangu ana miaka 3.

Katika maswali hayo hamna hata moja lililomwelekeza shahidi, wala neno “ukatili” halikutajwa, lakini vile vifungu viwili ambavyo sheria haikuviunganisha vimekwisha kuunganika katika karatasi ya hakimu, kwa mikono ya mtoto iliyoziba masikio. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na sijui njia nyingine ya kumfunza mtu aifanye ila kumsimamisha na kumrudisha hata izoeleke.

Ni lazima pia mwanafunzi ajue tabia ya shahidi aliyedhulumiwa. Mtu aliyepigwa kwa miaka hasimulii kwa tarehe. Huruka, hurudi nyuma, huchanganya Ramadhani ya mwaka huu na ya mwaka jana, na wakati mwingine hutabasamu kwa tahayuri pale ambapo hakimu alitarajia machozi. Wakili akimlazimisha afuate kalenda atamfanya aonekane mwongo. Yafaa amwongoze kwa matukio matatu tu, la kwanza, lililokuwa baya kupita yote, na la mwisho, na kila moja alishikize kwenye jambo lisilosahaulika: mtoto alikuwa darasa la ngapi, mvua zilikuwa zimeanza au bado, nani alikuwa mgeni nyumbani. Matayarisho hayo hufanyika ofisini, faraghani, kwa saa nyingi, bila kumkaririsha, kwa maana shahidi aliyekaririshwa hujulikana kwa kujibu kabla ya swali kwisha. Na kwa kuwa tangu mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa ndiyo lugha ya mahakama kwa sheria, mazoezi yote haya yafanywe kwa Kiswahili, kwani wengi wetu tulisomeshwa kwa Kiingereza na maswali hutujia kwa mpangilio wa kigeni, marefu na yenye vilemba vingi, ambayo mama wa watu hayajui yaanzia wapi.

Upande wa dodoso ni mwingine. Mjibu maombi katika mashauri haya mara nyingi huja amevaa vizuri, hujibu kwa staha, na huita watoto kwa majina ya mapenzi. Wakili kijana, kwa ghadhabu ya kweli aliyonayo kwa ajili ya mteja wake, humfokea, na kwa kumfokea humpa sura ya mtu anayeonewa. Afunzwe kuuliza kwa upole maswali mafupi yenye jambo moja moja. Kadi ya kliniki ya mdogo iko kwa mama yake? Ndiyo. Mikutano ya wazazi shuleni alihudhuria mama? Ndiyo. Uliitwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi? Niliitwa. Uliandika pale kwa mkono wako kwamba hutarudia? Na anyamaze hapo. Akiongeza “Kwa nini uliandika?” amemfungulia mtu mlango wa kuhutubu, naye atahutubu.

Juu ya vielelezo nitasema kidogo. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ikiwepo ni neema, lakini wengi hawakwenda polisi, basi tusiwaambie hawana ushahidi wakati yuko jirani aliyefungua mlango usiku, yuko mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, na upo ujumbe wa simu, ambao kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 hupokelewa mradi uaminifu wake uthibitishwe. Zoezi la kupokelewa kielelezo, kuanzia kumtambulisha shahidi na simu yake hadi kukiombea namba, huchukua dakika tano, na kila mshiriki alifanye kwa sauti.

Taarifa ya Afisa Ustawi wa Jamii, kinyume chake, yataka muda, kwa kuwa mahakama huiegemea sana na mawakili huipokea kama iliyoshuka kutoka juu. Afisa huyo aulizwe kwa heshima: alikwenda nyumbani mara ngapi, alizungumza na mtoto mbele ya nani, baba alikuwa chumba kipi, na je, alipoandika kwamba mtoto “ana raha” alikuwa ameelezwa habari za kipigo? Taarifa nzuri itatoka katika maswali hayo ikiwa imara zaidi, nayo iliyoandikwa kwa haraka itajulikana. Ni bora mara elfu kumhoji afisa kuliko kumleta mtoto amchague mzazi mmoja mbele ya mwingine. Sheria yaruhusu mtoto mdogo atoe ushahidi bila kiapo kwa kuahidi kusema kweli na kutosema uongo, lakini ruhusa si amri, na wakili mwenye dhamiri atatafuta njia zote nyingine kwanza.

Limebaki la amri zenyewe. Mawakili wengi huomba “malezi ya watoto, na mjibu maombi aruhusiwe kuwaona kwa nyakati zinazofaa,” kisha hushangaa mteja anapopigwa tena siku ya kukabidhiana watoto. Baada ya kutengana ndipo hatari huzidi, na maneno “nyakati zinazofaa” humwacha mwanamke ajadiliane na aliyempiga kila wiki. Mwanafunzi afunzwe kuandika ombi linalotaja siku na saa, mahali pa kukabidhiana kama ofisi ya Ustawi wa Jamii, mtu wa tatu atakayewapokea watoto ili wazazi wasikutane, na matunzo yapitie simu au benki pasiwepo sababu ya kubisha hodi.

Kwa hiyo naomba semina hii iazimie mambo mawili: kwamba majalada matatu ya mazoezi yatungwe kwa Kiswahili, moja likihusu mama aliyeondoka bila watoto, na kwamba mahakimu wastaafu waombwe kuketi katika mazoezi hayo, ili pingamizi likatwe na anayejua kulikata. Jalada la fundi cherehani mnalo mbele yenu. Baada ya mapumziko tutaanza na shahidi wa kwanza, na kila mmoja atasimama kwa dakika sita.