Mazungumzo Kuhusu Kuimarisha Faiba kwa Mirija Midogo ya Kaboni

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa Serikali na wananchi.



Boti ya faiba inapoharibika kwa kugongwa, mara nyingi kinachoachia mwanzo si nyuzi zake. Ni matabaka yanayobanduka.

Faiba ni nyuzi za kioo, au za kaboni kwa vyombo vya gharama kubwa, zilizolazwa tabaka juu ya tabaka na kushikanishwa kwa rezini. Nguvu imo katika nyuzi, nazo zimelala kwa ubapa. Baina ya tabaka na tabaka hamna kitu ila rezini, ambayo ikishakauka huwa ngumu lakini nyepesi kupasuka. Hapo ndipo ufa unapoingia na kutembea, pengine bila ya kuonekana kwa nje. Ndege ya Boeing 787, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2011, takriban nusu ya uzito wa muundo wake ni vifaa vya namna hii. Kwa hivyo ufa usioonekana si jambo la mafundi wa boti peke yao.

Mwaka 1991 mtaalamu wa Kijapani, Sumio Iijima, alieleza mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache tu. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Wataalamu wa Kisovieti walikwisha kuonesha picha za mirija inayofanana na hiyo mwaka 1952, lakini wachache walizijali. Mrija huo hustahamili kuvutwa bila ya kurefuka kiasi cha mara 5 kuliko chuma cha pua. Zipo pia nyuzi za nano za kaboni, ambazo ni nene zaidi, dhaifu zaidi na rahisi zaidi kwa bei.

Tamaa ya mwanzo ilikuwa kuichanganya mirija hiyo ndani ya rezini, na matokeo hayakulingana na matumaini. Mirija hushikana ikafanya madonge, kama unga uliotiwa kwa pupa katika maji ya moto, na kila donge ni mahali pa kuanzia ufa. Rezini nayo huwa nzito, haipenyi vyema. Zaidi ya hayo, kitambaa cha nyuzi hufanya kazi ya kifumbu: rezini hupita kama tui, mirija ikabaki juu kama chicha.

Njia iliyofaa zaidi ilitoka katika chuo cha MIT, Marekani. Brian Wardle na wenzake waliiotesha mirija ikiwa imesimama wima, wakaiweka baina ya matabaka kabla ya rezini kukauka. Mirija ikazama juu na chini, ikayashona matabaka bila ya kuongeza uzito wa maana. Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2008, ukinzani dhidi ya ufa unaofunguka uliongezeka mara 1.5 hadi 2.5, na dhidi ya ufa wa kuteleza mara 3. Mwaka 2016 walieleza ongezeko la nguvu la asilimia 30.

Lakini lipo la vumbi. Mwaka 2008 uchunguzi uliofanywa kwa panya huko Uskochi ulionesha kwamba mirija mirefu ya matabaka mengi inaweza kudhuru mwili kwa namna ya asbesto. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka aina moja ya mirija hiyo katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani. Kwa aina nyengine ushahidi haukutosha kuamua.

Mirija iliyokwisha kushikwa na rezini haitawanyiki kwa urahisi. Hatari huja faiba inapokatwa, inapotobolewa au inapopigwa msasa, kazi ambazo fundi wa boti huzifanya kila siku, mara nyingi uso ukiwa wazi. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani ilipendekeza mwaka 2013 kwamba hewa anayoivuta mfanyakazi kwa zamu ya saa 8 isizidi, kwa wastani, mikrogramu 1 ya mirija hiyo katika kila mita moja ya ujazo. Kiasi hicho jicho halikioni.